Kivuli cha Nguzo ya Kuanikia

Jumamosi, 7 Machi

Daftari hili naliandika kwa amri ya muuguzi. Alipomaliza kunikata lile gamba la plasta aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuzageuza kama anayechagua nyanya, akasema, "Mfupa umeunga, mama, ila vidole vimesahau kazi. Andika, chora, shona. Uvibembeleze." Kushona bado, sindano inaniponyoka, na mimi riziki yangu ni cherehani. Kwa hiyo naandika. Mwandiko ndio huu, unayumba kama mlevi anayetafuta kwake. Mungu atausoma, wengine wavumilie.

Na kuchora nimepata wa kunifundisha. Nyumba ya kona anakaa mzee aliyestaafu, maisha yake yote alichora ramani za barabara kwa wino. Sasa kila Jumamosi anafundisha watu watatu wanne mezani kwake, bure, mradi uje na karatasi yako. Namwita Mwalimu wa Wino. Leo aliweka yai karibu na dirisha, akasema nilichore. Nikachora. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hili ni yai au sahani?"

"Ni yai, Mwalimu."

"Mimi naona sahani. Wino hauna rangi ya kukusaidia, mama. Una mstari, basi. Umbo litafute kwenye kivuli."

Akanionyesha kwamba vivuli ni viwili. Kipo kinachokaa mwilini mwa yai, upande usiopata mwanga, na kipo ambacho yai linakiangusha mezani. Hicho cha kuanguka unakichora kwa mistari inayopishana, imebanana karibu na yai, halafu unailegeza kadiri inavyokwenda mbali, kama mishono unapomalizia pindo. Nikafanya hivyo kwa mkono wangu huu mbovu, na yai likakaa mezani. Nilitamani kulishika lisidondoke.

Jumatatu, 9 Machi

Tumepewa kazi ya msimu mzima: chagua kitu kimoja cha nyumbani, kichore kila jua likitoka, saa ileile. Nimechagua nguzo ya kuanikia nguo. Usicheke. Ndiyo inayonikodolea macho nikikaa kibarazani.

Uani kwetu pamechimbwa kwenye mteremko. Upande wa nyuma kuna ukuta mkubwa, mrefu kuliko mtu aliyebebwa mabegani, unaouzuia udongo wa kiwanja cha juu usitushukie. Kaka yangu ndiye aliyeujenga. Ni fundi mwashi, mtaa mzima unamwita Zege, na ukuta huu alimjengea Mama kwa fedha yake na mikono yake. Chini ya ukuta, hatua chache tu, ni chumba cha Mama. Anakipenda kwa ubaridi wake. Nguzo ni bomba la chuma lililosimama mbele ya ukuta, na kamba ya nguo inatoka kwenye nguzo kwenda kwenye kulabu aliyoipachika Kaka katikati ya ukuta. Kwenye saa nne asubuhi, jua linapoingia kwa ubavu, kivuli cha nguzo kinaanguka ukutani, chembamba, kimesimama wima kama askari.

Nimejifunza jambo jipya: kingo za kivuli si sawa kila mahali. Penye lipu laini kingo zimekatwa kwa mkasi. Penye lipu iliyochakaa zina meno, na hayo meno ndiyo yanayomwambia mtazamaji kwamba ukuta huu ukiupapasa utakukwaruza. Chini ya ukuta kuna safu ya matundu, kila moja ukubwa wa ngumi, na chini ya kila tundu michirizi ya matope. Nayo nimeichora, kwa nukta na mistari ya kutiririka. Nimejisifu kidogo, Mungu anisamehe.

Mama alipoiona picha alikunja uso. "Mbona umechora na uchafu?"

"Ndivyo ulivyo, Mama."

"Ndivyo ulivyo, ndivyo ulivyo. Utampelekea huyo mzee wa watu picha ya ukuta wangu unatokwa na makamasi?"

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Hakuna kivuli.

Ijumaa, 13 Machi

Kaka amekuja. "Sindano, mkono vipi?" Ndivyo anavyoniita tangu utotoni.

"Unakuja, Kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Fanya haraka, suruali zangu zimeanza kuona aibu mbele za watu."

Mama hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Zege mwanangu, yale matundu."

"Mama, yale niliyaacha makusudi, maji yapate njia."

"Maji ya nani? Yananirushia tope kwenye mashuka. Na sasa dada yako anayatangaza kwa picha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi mzima nikufundishe?"

Kaka alijikuna kichwa. Mtu huyu anabishana na wahandisi na kuwashinda, lakini kwa Mama ni mtoto wa chekechea. "Haya, Mama. Mvua zenyewe siku hizi za kubabaisha tu." Akakoroga saruji kidogo, akaziba tundu moja baada ya jingine, akasawazisha lipu, akapiga chokaa ukuta mzima. Mpaka jioni ukuta ulikuwa mweupe kama karatasi yangu kabla ya wino. Mama alimwombea dua ndefu, na mimi nikaitikia amina kwa moyo wote.

Jumamosi, 14 Machi

Mwalimu ameisifu picha ya matundu mbele ya wenzangu. Kisha alikunja taulo ovyo mezani, akashika penseli juu yake, akasema tuangalie. Penseli imenyooka, lakini kivuli chake kilikwenda kikipanda na kushuka juu ya mikunjo kama njia ya mlimani.

"Kivuli ni kipofu," alisema. "Kinapapasa kila kinachopita juu yake. Kikikuta tuta kinapanda, kikikuta shimo kinashuka. Hakijui kusifia, hakijui kusengenya. Ukitaka kujua taulo limelalaje, usiangalie taulo, litakudanganya kwa weupe wake. Angalia kivuli."

Nimelala na maneno hayo.

Jumanne, 17 Machi

Mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo, ile ya mtaa wa chini, amekuja kuulizia gauni lake. Nimemwonyesha mkono, akanionea huruma. Alipouona ukuta wetu mweupe alisimama. "Huu ni wa fundi Zege? Hata wa kwetu nyuma ya madarasa aliujenga yeye. Ila una yale matundu, watoto wanachomekamo vijiti, wanarudi nyumbani mashati yana tope."

"Mwambie azibe," alisema Mama, amevimba kwa fahari. "Dakika moja kwake."

Jumatano, 18 Machi

Mvua ya kumwaga kwa ndoo. Ukuta mkavu, hata tone. Mama anafurahi.

Alhamisi, 19 Machi

Jua! Nimechora. Kamba ya nguo ilikuwa inaburuza mashuka chini, nimeikaza.

Kivuli cha nguzo hakikukaa vizuri karatasini. Katikati kimepinda, kama mtu aliyesukumwa kiunoni. Mkono huu.

Jumamosi, 21 Machi

Mwalimu ameweka kidole palepale pa kiuno.

"Nguzo imepinda?"

"Hapana, Mwalimu. Ni bomba la chuma."

"Nguzo iliyonyooka, ukuta ulionyooka, kivuli kimenyooka. Kikipinda, mkosaji ni mmoja kati ya watatu: nguzo, ukuta, au mkono wa mchoraji. Wewe unamshuku nani?"

Wote walinitazama mkono, nami pia. "Mkono," nikasema. Wakacheka kwa upole, nikacheka nao. Kwa nini nisicheke? Mfupa wenyewe bado unauma mvua ikikaribia, na siku hizi unauma kila siku.

Jumanne, 24 Machi

Kamba imelegea tena. Mama amesema kamba za siku hizi hazina nguvu, zinanyooka kama raba. Nimeikaza. Jua lilichungulia kidogo nikachora haraka. Kiuno kipo palepale.

Jumatano, 25 Machi

Nimeupima mkono. Nimechora kivuli cha mguu wa kiti sakafuni: kimenyooka. Cha fremu ya mlango: kimenyooka. Cha mpini wa ufagio ukutani mwa jikoni: kimenyooka. Nikafunga uzi kutoka juu ya nguzo mpaka chini: nguzo haina kosa.

Sikumwambia mtu. Niliomba sala ndefu kuliko kawaida na sikujua hasa ninaombea nini.

Jumamosi, 28 Machi

Nimefanya ujinga. Jana nilichora kwa rula. Kivuli kikanyooka, kikapendeza, na Mwalimu akasema, "Naona mkono umepona!" Nilijisikia kama mtoto aliyepewa pipi ya wizi.

Kisha akasogeza picha karibu na macho. "Na nukta zako za chini ziko wapi? Zile za matundu? Umeanza uvivu."

"Yamezibwa, Mwalimu. Mama hakuupenda uchafu."

Aliishusha picha. "Unajua, mimi nimechora matundu kama hayo kwenye kila ukuta wa barabara, miaka nenda miaka rudi. Ninaambiwa weka tundu hapa, naweka. Sijawahi kuuliza." Akarudisha picha. "Maji yanatokea wapi sasa?"

"Hayatoki. Ukuta mkavu kabisa."

"Mvua yote hii?"

Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua.

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Kamba imelegea, nimeikaza. Nilipoifunga niliona fundo la mara iliyopita, na la kabla yake, yamepangana kwenye nguzo kama vifungo vya shati. Kila mara navuta kamba, kila mara inabaki ndefu. Kamba hairefuki hivyo. Labda ni kulabu inayosogea.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Bila jua ukuta unaonekana kama ukurasa mtupu. Nimekaa kuutazama mpaka macho yakauma. Mweupe, mkavu, mzuri. Hauniambii kitu.

Kaka amepita mbio kuchukua ngazi. Shule zimefunga, anakwenda kuziba yale matundu ya nyuma ya madarasa. Nilitaka kumwambia lakini alikuwa na haraka, nami sikuwa na cha kumwonyesha ila picha ya rula.

Jumapili, 5 Aprili

Nimerudi kutoka kwenye ibada nikakuta jua. Sikuvua hata viatu. Nimechora kwa mkono mtupu, polepole, nikifuata kivuli kama kipofu anayemfuata kipofu. Si kiuno tena. Ni tumbo. Kinaanza juu kimenyooka, kinatoka nje taratibu, pale penye kulabu ndipo kilipotoka zaidi, halafu kinarudi ndani chini kwa ghafla.

Mama alikuwa amelala. Nilisimama mlangoni kwake nikisikia anavyokoroma, na nyuma ya kitanda chake dirishani ukajaa ule weupe wa ukuta.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemwita Kaka. Nimemwekea picha mezani, ya kwanza na ya jana. Ya rula nimeitoa, nimeichana.

Alizitazama akicheka kwa pua. "Sindano, hii ni mikunjo yako ya mkono."

"Mkono nimeupima, Kaka. Kamba je? Kila siku naikaza."

"Kamba ya dukani."

Akatoka, akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. "Mbona mimi naona umenyooka? Huu niliupima wima kwa timazi mwenyewe, kila mstari wa tofali. Wewe umenisomesha ufundi lini?"

"Sijakusomesha, Kaka. Naomba tu Mama ahamie chumba cha mbele mpaka mvua zipite. Nitampisha kitanda changu."

Hapo ndipo Mama alipotokea. Nakwambia wewe daftari kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: maneno yale yaliniingia. "Nihame? Watu waseme nimekimbia ukuta wa mwanangu? Yeye amenijengea. Wewe umenichorea nini? Uchafu. Na sasa unanichorea maafa. Kuna watu wanaita balaa kwa mdomo, wewe unaliita kwa kalamu."

Kaka alimwambia, "Basi, Mama," lakini kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Mama hasemi nami.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Nimekaza kamba.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Nimekaza kamba. Kuna ufa kwenye lipu, mwembamba kama unywele, umelala chini ya kulabu. Mama ameupaka chokaa.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimempelekea Mwalimu picha zote. Alizipanga, akazitazama muda mrefu. Mwishowe alivua miwani. "Mama, nilikosea. Nilikuambia wakosaji ni watatu, halafu nikachagua wa kumlaumu kabla ya kuangalia. Nilimchagua aliye dhaifu." Akaniuliza Mama analala wapi. Nilipomwambia alisimama, akatafuta fimbo yake, akaja nami nyumbani kwenye mvua hiyohiyo, mzee wa watu na magoti yale. Mama alimpokea vizuri, akampa chai ya moto, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante kwa kututembelea." Hakuhama.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Shule zimefunguliwa, watoto wamepita na makoti ya plastiki.

Jumanne, 14 Aprili

Nimempigia Kaka. Nimesema, "Kaka, sikuombi uniamini. Njoo na timazi yako uniaibishe mbele ya Mama. Nikiaibika nitanyamaza maisha yangu yote." "Kesho kutwa," akasema.

Alhamisi, 16 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mkono utakataa.

Mvua ilikatika asubuhi, lakini mawingu yakabaki yamekaa. Nilitoka mapema nikakuta kamba inagusa ardhi. Nikaikaza. Kaka alifika amevaa shati safi, kama anayekwenda kupokea zawadi. Nyuma yake alikuja jirani wa mbele, kushuhudia. Mama alikuwa amekaa kitandani kwake, mlango wazi, amejifunga kanga mbili kwa baridi.

"Mwonyeshe, mwanangu," alisema.

Kaka alipanda ngazi, akalaza kijiti juu ya ukuta kikatokeza nje kiasi cha shibiri, akateremsha uzi wa timazi. Kile chuma cha chini kikazungukazunguka, kikatulia. Akashuka, akasimama mbele, palepale aliposimama siku ile. Jua lilikuwa limefichwa, ukuta wote ni weupe mtupu.

"Haya, Sindano. Ubovu uko wapi?"

Nilikuwa naangalia juu. Kaka akaanza kukunja mikono ya shati, jirani akaanza kuaga. Ndipo wingu likasogea.

Kivuli cha uzi kilianguka ukutani ghafla, cheusi, chembamba kama mstari wa kalamu ya Mwalimu. Juu kilisimama mbali na uzi. Kikateremka kikiusogelea, kikiusogelea, mpaka penye kulabu vikagusana, uzi wenyewe umelala kwenye lipu. Chini yake kivuli kikaukimbia uzi tena. Tumbo. Sikuwa nimelichora mimi. Lilichorwa na timazi ya Kaka mwenyewe, kwenye ukuta wake.

Alikitazama. Akaenda karibu, akaweka kiganja ukutani taratibu, kama anayempima mtoto homa. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "vaa ndala."

"Kwa nini? Umemshinda?"

"Vaa ndala tu, Mama."

Hakungoja avae. Aliingia, akambeba mgongoni, Mama akimpiga makofi ya bega, "Nishushe, wewe mtoto, watu wanatuona!" Akampitisha kwenye nyumba mpaka barabarani, akamkalisha kwenye kiti cha jirani. Kisha akarudi na tindo na nyundo.

Nilimshika shati. "Kaka, achana nao."

"Niliziba mimi."

"Kaka, tafadhali."

"Niliziba mimi, Sindano!"

Alipiga magoti chini ya ukuta, akaanza kufumua tundu la kwanza. Pigo la tatu au la nne maji yakaruka kama ya mpira wa bustani, ya rangi ya kahawia, yakampiga kifuani. Akahamia la pili. Mimi nilisimama kwenye nguzo, nimeishikilia, midomo inasema maneno ya sala bila mpango. Ukuta sikuuangalia. Niliangalia kamba. Niliikaza asubuhi ileile, ilikuwa juu ya kichwa changu. Ikaanza kushuka. Ikafika mabegani. Ikafika kiunoni, haina nguo hata moja, inashuka peke yake.

"Kaka, kamba!"

Angeutazama ukuta asingeona kitu, mpaka leo naamini hivyo. Aliitazama kamba. Akaacha nyundo, akakimbia, na mimi nikavutwa kwa mkono wangu huu mbovu mpaka ndani ya nyumba.

Haukuanguka kwa kishindo kama nilivyofikiri. Uliinama, kama mtu mzima anayekaa chini amechoka. Kishindo kilikuja baadaye, cha udongo. Vumbi halikuwepo, kulikuwa na matope tu, na ukimya, na bati la chumba cha Mama likijikunja polepole kama karatasi iliyotupwa motoni.

Ijumaa, 17 Aprili

Tupo hai. Mungu ni mwema. Siwezi zaidi.

Jumapili, 19 Aprili

Mama analala kitandani kwangu, uso ukutani. Tangu siku ile hakuniambia neno. Leo baada ya ibada nilimpelekea uji, akanishika mkono wa kulia, akaugeuzageuza kama alivyofanya muuguzi. "Unauma?" akauliza.

"Kidogo, Mama."

"Ni mimi niliyemwambia azibe."

Kaka alikuwa amekaa sakafuni, hajanyoa. "Fundi ni mimi, Mama. Wewe ulisema tu."

"Na aliyechora uchafu nilikuwa mimi," nikasema. "Ningechora kuku usingeuona."

Mama alitutazama mmoja mmoja, wazee wawili wenye mvi tunagombania kosa kama peremende. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Sisi tumeziba. Na ukuta tutajenga." Tulitaka kucheka. Hatukuweza.

Kisha Kaka akaomba picha zangu. Alizipanga sakafuni kwa tarehe, akatambaa juu yake kwa magoti. Aliweka kidole kwenye ile ya kwanza kabisa, penye nukta za michirizi ya matope. "Hapa ulikuwa unapumua," alisema. Kidole kikasogea kwenye ya pili, ya tatu, kikifuata kiuno mpaka tumbo. Pale penye tumbo kikasimama.

"Ule wa shule," alisema.

Nilifungua daftari hili, nikamsomea: tarehe mbili, alikuja mbio kuchukua ngazi.

Alimpigia mwalimu mkuu papo hapo. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, ya upole na uchovu. Amesikia habari zetu, pole sana. Lakini ukuta wa shule uko imara, anauona kila siku. Hawezi kufunga madarasa kwa ajili ya mchoro. Tuje asubuhi, tuuangalie pamoja.

Nje mvua imeanza tena.

Jumatatu, 20 Aprili

Tulikuwa getini kabla ya watoto. Kaka na ngazi yake na wanafunzi wake wawili wa ufundi, mimi na karatasi na wino, ingawa sijui wino ulikuwa wa nini. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Nyuma ya madarasa kuna njia nyembamba, na upande wa pili ukuta, mweupe, mkavu, umepigwa chokaa vizuri. Ni mzuri kuliko ulivyokuwa wetu. Madirisha ya madarasa yote yanautazama.

Watoto wakaingia. Tukawasikia wakivuta viti, wakiimba herufi. Kaka alitundika timazi, chuma kikatulia. Mbingu imefunga. Mwalimu mkuu alisimama nasi na mwavuli wake, akatazama saa, akatazama ukuta, kulia mpaka kushoto.

"Fundi, sitaki kukuvunja moyo baada ya yaliyowapata. Lakini mbona mimi naona umenyooka?"

"Ngoja kidogo, mwalimu," alisema Kaka.

"Tunangoja nini?"

"Jua."

Mwalimu mkuu alinitazama, kana kwamba anauliza kama kaka yangu yu mzima. Nami nilikuwa naomba. Sijawahi kuomba jua hivyo, na sijawahi kuliogopa hivyo. Darasani waliimba mpaka herufi zikaisha, wakaanza upya.

Wingu likapasuka upande wa mashariki. Mwanga ukaingia njia ile nyembamba kwa ubavu, na kivuli cha uzi kikaanguka.

Sikuhitaji kuchora. Niliona lile tumbo, na nikamwona Kaka ameona. Alivua kofia. Wanafunzi wake wawili na mlinzi wa geti walikuwa wamesimama hapo, na alisema wote wasikie.

"Matundu ya huu ukuta niliyaziba mimi, mwalimu. Na mimi pia niliuona umenyooka. Usiangalie ukuta. Angalia kivuli."

Mwalimu mkuu alifunga mwavuli. Alikifuata kivuli kwa macho, kutoka juu, polepole, mpaka chini, halafu akarudi katikati. Akageuka, akaenda kupiga kengele, na haikuwa saa ya mapumziko.